Kuita ng'ambo ya bonde kwa miliwati moja

Leo tuongee kuhusu umbali. Si umbali wa barabara, bali ule wa redio ndogo ndogo zilizomo ndani ya rununu, kipanya kisicho na waya, rimoti ya gari na vidude vingine vingi ambavyo mtengenezaji ameandika kwenye karatasi kwamba vinafika "mita 10" au "mita 100". Watu wengi huisoma namba hiyo kana kwamba ni urefu wa kamba: ikiisha, imeisha. Mimi nilisomea sayansi ya tarakilishi na riziki yangu naipata kwa kuandika programu, kwa hiyo mambo ya antena kwa miaka mingi niliwaachia watu wa uhandisi wa umeme. Mwisho wa mwaka 2023 nililazimika kuyaingia mwenyewe, na nimegundua kwamba ile namba ya kwenye karatasi si kamba hata kidogo.

Kwanza kisa cha zamani kidogo. Mnamo Agosti 2004 huko Santa Monica, California, kikundi cha watafiti wa usalama wa mitandao, akiwemo John Hering wa kampuni ya Flexilis, kiliwasiliana na simu ya Nokia 6310i kwa Bluetooth kutoka umbali wa zaidi ya maili moja. Siku chache kabla, kwenye mkutano wa DEF CON kule Las Vegas, walikuwa wameonyesha antena ya Bluetooth iliyofungwa kwenye kitako cha bunduki. (Wamarekani na bunduki zao!) Lengo lao lilikuwa kuonyesha kwamba mwenye simu asijidanganye kuwa yuko salama eti kwa sababu Bluetooth "inafika mita 10 tu". Wengi wanakumbuka ile bunduki. Mimi kilichonishika ni jambo jingine: simu yenyewe haikuguswa. Ilikuwa simu ya kawaida, yenye redio ya miliwati mbili na nusu hivi na antena ndogo iliyofichwa ndani. Kazi yote ilifanyika upande mmoja. Maana yake ni kwamba ile sauti dhaifu ya simu ilikuwa ikifika maili moja siku zote. Kilichokosekana ni sikio la kuisikia.

Basi shikeni hilo la sikio, tutalirudia.

Nyumbani kwetu ni Taita, na kijijini kuna kikundi cha maji. Chemchemi iko bondeni, na hapo pana kijumba cha pampu ya dizeli. Tanki la lita 10,000 liko juu kilimani, na kutoka hapo maji huteremka yenyewe hadi majumbani. Kati ya pampu na tanki, ukipima kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 1.2. Anayeendesha pampu ni mzee mmoja ambaye ameifanya kazi hiyo tangu nikiwa shule ya msingi. Miaka ya karibuni goti lake moja limeanza kumsumbua, na kilima hakipandi tena kama zamani. Kwa hiyo huwasha pampu, hukisia, huzima. Akizima mapema watu wa juu hukosa maji. Akichelewa, tanki hufurika na dizeli imeteketea bure.

Mwaka ule kukaingia maneno. Dizeli ilikuwa inaisha haraka kuliko zamani, na asubuhi wanaokwenda kuangalia tanki walilikuta nusu. Mwanadamu akiona dizeli imeisha na maji hayapo, anahitimisha nini? Wakaanza kusema mzee anauza dizeli. Mama yangu ndiye mtunza hazina wa kikundi, kwa hiyo stakabadhi zote hupitia mikononi mwake, na maneno yale yalimkosesha usingizi. Mimi nilikuwa nikienda likizo ya Desemba. Aliniambia kwenye simu, "Baba, wewe si ndiye mwenye kujua hizi mashine? Mtengenezee huyo mzee kitu cha kumwonyesha tanki limejaa, apumzike na kupanda kilima." Kuhusu wizi hakusema neno.

Najua kuna msomaji tayari anasema: weka laini ya simu, itume ujumbe. Bonde lile halishiki mtandao. Ukitaka kupiga simu unapanda hadi kwenye jiwe moja lililo katikati ya mteremko, na hapo utawakuta wenzako wamesimama wakielekea Voi kama wanaoswali. Isitoshe, modemu ya simu inapotuma huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na kulea betri juu ya kilima si mchezo.

Nilichokuwa nacho kwenye droo ni moduli nne za redio ziitwazo nRF24L01+, zile ndogo ambazo Luthuli Avenue utazipata kwa shilingi mia chache. Zinatumia mawimbi ya gigahezi 2.4, sawa na Bluetooth na Wi-Fi nyingi. Nguvu yake ya juu ni miliwati moja. Moja! Taa ndogo ya tochi ya rununu inaizidi mara nyingi. Ukiiweka mezani na kutembea nayo ndani ya nyumba yenye kuta za mawe, chumba cha tatu tayari inakatika. Na mimi nataka kilomita 1.2.

Wengi wakifika hapa hufikiria kuongeza nguvu. Zipo moduli za aina hiyo hiyo zenye kikuza nguvu, zinazotoa kama miliwati 100. Lakini hebu tupige hesabu ya mawimbi, maana ni hesabu ya kikatili. Mahali pa wazi, ukitaka umbali mara mbili unahitaji nguvu mara nne. Ukitaka mara kumi, nguvu mara mia. Yaani unalipa mia ili upate kumi. Betri nayo inalipa: ile moduli ndogo inapotuma huvuta miliampea 11 hivi, ile yenye kikuza huvuta zaidi ya 100. Halafu kuna sheria. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ina miongozo ya vifaa vya masafa mafupi visivyohitaji leseni, na miongozo hiyo ina kikomo cha nguvu. Ukianza kurundika vikuza nguvu na antena kubwa upande unaotuma, utajikuta umekivuka, na jirani yako ambaye Wi-Fi yake imekufa hajui hata wa kumlaumu.

Sasa twende kwenye jambo ambalo mtu wa milimani analijua bila kusoma shule. Umewahi kumsikia mama akimwita mtoto ng'ambo ya bonde? Hapigi kelele tu. Kwanza anasogea mahali pa wazi, pasipo na migomba. Anakunja viganja mdomoni ili sauti isitawanyike. Kisha anavuta: "Weeeeee! Njooooo!" Neno moja, polepole, vokali ndefu. Akimaliza anarudia. Na yule wa ng'ambo akitaka kusikia vizuri anaweka kiganja nyuma ya sikio. Hakuna hata mmoja aliyeongeza koo. Koo ni lile lile alilopewa na Mungu.

Redio yangu nayo ina koo la miliwati moja, basi nikaamua kuliacha lilivyo na kufanya hayo mengine yote.

Tuanze na polepole, kwa sababu ndiyo iliyonifurahisha zaidi kama mwandishi wa programu. Moduli hii inaweza kutuma kwa kasi tatu: megabiti 2 kwa sekunde, megabiti 1, au kilobiti 250. Kwa kasi ya juu, usikivu wake unaishia kwenye desibeli -82 (ukilinganisha na miliwati moja). Kwa kilobiti 250 unafika -94. Tofauti ni desibeli 12. Na kwa kuwa mahali pa wazi kila desibeli 6 ni umbali mara mbili, desibeli 12 ni umbali mara nne. Kwa hesabu ya karatasi, bila kikwazo chochote na bila antena ya maana, kasi ya juu inanifikisha kama mita 125, na kasi ya chini kama mita 500. Nilichobadilisha ni mstari mmoja wa programu! Hakuna waya wala shilingi iliyoongezeka. Ukisema polepole, kila biti inakaa hewani muda mrefu zaidi, na msikilizaji anapata nafasi ya kuitofautisha na kelele. Mimi nina baiti nne tu za kutuma: kina cha maji, hali ya betri, na namba ya ujumbe. Mwendo wa haraka ningeupeleka wapi?

(Na si redio hii peke yake. Bluetooth 5, iliyotoka mwaka 2016, iliongeza njia ya kutuma kwa umbali mrefu ambapo kila biti huandikwa kwa alama nane, kasi inashuka hadi kilobiti 125, na umbali unalengwa kufika mara nne. Nguvu ni ile ile. Wamegundua alichokuwa akikifanya mama kule bondeni.)

Sasa kutoka mita 500 hadi 1,200, na uwe na akiba juu yake, maana hesabu ya karatasi haina mvua wala majani. Mawimbi ya gigahezi 2.4 yakisafiri kilomita 1.2 mahali pa wazi hupungua karibu desibeli 102. Ukianza na sifuri, ambayo ndiyo miliwati moja, na msikilizaji wako anakomea -94, una deni la desibeli 8. Ni kama mshahara wa tarehe 30 na kodi ya tarehe 5. Lazima zitoke mahali.

Zilitoka kwenye dishi la runinga. Kila kijiji cha Kenya kina madishi yaliyoachwa juu ya mabati baada ya mwenyewe kuchoka kulipia. Nililipata moja la sentimita 60, lina kutu pembeni, mwenyewe akaniambia chukua, utakuwa umenisaidia. Dishi la ukubwa huo kwa mawimbi haya linaweza kukupa karibu desibeli 20 likitengenezwa vizuri. Mbele yake, pale palipokuwa na kile kichwa cha kupokea, nikafunga kopo refu la kakao lenye kipenyo cha sentimita 9. Kipenyo kina maana: likiwa chini ya sentimita 7.3 hivi, mawimbi ya gigahezi 2.4 hayapiti ndani ya kopo, likizidi 9.6 hivi yanaanza kuvurugika. Ndani ya kopo, sentimita 5 na kidogo kutoka kitakoni, nikapenyeza kipande cha waya wa shaba chenye urefu wa milimita 31, ambayo ni robo ya wimbi. Basi. Hiyo ndiyo antena.

Na nililiweka wapi? Bondeni, kwa mzee, kwenye upande unaopokea. Hapa ndipo kile kisa cha Santa Monica kinarudi. Antena inayosaidia kusema inasaidia kusikia kwa kipimo kile kile, lakini kusikia hakumsumbui jirani, hakuvunji sheria, na hakuli betri. Kule juu kwenye tanki kulibaki kidude kidogo chenye antena fupi, betri tatu na kipima kina kinachotumia mwangwi wa sauti, vyote ndani ya kopo la plastiki. Sikio likawa kubwa, koo likabaki dogo.

Dishi lilileta kichekesho. Madishi haya ya nyumbani hayaangalii mbele moja kwa moja. Kile kichwa hakiko katikati, kimeshushwa chini, kwa hiyo uso wa dishi ukiwa wima, lenyewe linaangalia juu kwa zaidi ya nyuzi 20. Tanki liko juu kwa nyuzi kama 3 tu. Kwa hiyo ilinibidi niliinamishe mbele hadi likaonekana linatazama ardhi. Wapita njia walisimama. Mmoja akauliza kama tunatafuta madini. Mzee mwenyewe aliniuliza kwa upole kama litashika na mpira wa Jumamosi.

Siku ya kwanza lilipokea ujumbe mmoja kati ya kila kumi. Niliutazama mwembe uliokuwa mita kama 30 mbele ya kijumba na nikajua. Jani ni maji yaliyovaa ngozi, na maji hula mawimbi haya kwa furaha. Lakini kuna zaidi ya hilo. Mawimbi hayasafiri kama uzi. Yanahitaji nafasi ya wazi kuzunguka ule mstari, nafasi yenye umbo la ndizi nene katikati na nyembamba kwenye ncha. Kwa kilomita 1.2, unene wa katikati ni kama mita 6 kila upande wa mstari. Katikati ya bonde hakuna shida, kuna hewa tupu. Shida iko kwenye ncha, pale unapofunga antena ukutani kwa sababu ukuta ndio ulio karibu. Kuukata mwembe haikuwa hoja (mwembe una wenyewe, na kesi ya pili hatukuihitaji). Tulisimika mlingoti upande wa pili wa kijumba, mita kama 40 kutoka pale, dishi likapanda mita 4 juu ya ardhi, na mwembe ukabaki kando. Jioni ile tulipata tisini na kitu kati ya kila mia. Hakuna kilichoongezwa ila hatua za miguu.

Hizo zilizopotea nilizimaliza kwa programu: ujumbe ule ule hutumwa mara tatu kila baada ya dakika tano, kila mmoja na alama ya kukagua makosa, na upande wa chini unatupa uliojirudia. Mzee akawekewa taa tatu: nyekundu, manjano, kijani. Kijani ikiwaka, zima. Nami kwa mazoea tu ya kazi nikaongeza kadi ya kumbukumbu, iandike kila kipimo na saa yake. Mtu wa programu hawezi kuona namba zikipita bila kuziandika mahali.

Mwezi Machi 2024 mama akanipigia: kuna kikao Jumamosi, ajenda ni mzee. Nikapanda basi la usiku, nikafika, nikaichomoa ile kadi na kuifungua kwenye tarakilishi nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya kijumba. Ilikuwa na wiki kumi za tanki. Na kila siku ilikuwa na umbo lile lile. Mchana pampu ikiwa inafanya kazi, maji yanapanda hadi taa ya kijani. Jioni watu wanachota, yanashuka kwa ngazi ngazi. Kisha saa nne usiku, watu wamelala, mifereji imefungwa, mstari unaanza kuteremka. Taratibu, bila kuruka, hadi alfajiri. Karibu nusu ya tanki, kila usiku.

Hakuna mtu anayechota maji kwa mstari ulionyooka namna hiyo. Tukaenda na fundi wa bomba. Bomba la kupandisha maji linaingia tanki kwa chini, na pale kwenye pampu kuna vali ya kuzuia maji yasirudi. Fundi akaifungua. Mpira wake ulikuwa umeliwa nusu. Kwa hiyo kila usiku maji yalikuwa yakirudi kupitia bomba lile lile yaliyopandia, yanapita kwenye pampu iliyolala, na kuishia ndani ya chemchemi. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuona udongo uliolowa. Asubuhi mzee aliwasha dizeli kuyapandisha tena maji aliyokwisha kuyapandisha jana.

Kikaoni nilipeleka karatasi iliyochapishwa, mistari kumi ya usiku kumi. Mama hakusema kitu, aliisambaza tu. Fundi aliuweka ule mpira mezani. Mzee aliutazama muda mrefu, kisha akauliza kama anaweza kuuchukua nyumbani. Yule aliyekuwa mstari wa mbele kumtuhumu hakuomba radhi. Alisema bei ya vali mpya ijadiliwe kwa sababu anaiona iko juu. Ikajadiliwa. Ikanunuliwa. Mzee bado anaendesha pampu, ila siku hizi dizeli haagizi bila kumtaka mtu mwingine atie sahihi pembeni yake, na hilo hakuambiwa na mtu yeyote alifanye.

Sasa kikundi kinataka tanki la pili, upande wa nyuma wa kilima. Pale hapaonekani kutoka bondeni, kwa hiyo dishi na kopo la kakao havitasaidia: sikio likiwa kubwa namna gani, mwamba hausikilizwi. Nimeanza kuzijaribu redio za LoRa, teknolojia iliyozaliwa Grenoble, Ufaransa, ambazo zinaendeleza ule ule mwendo wa polepole hadi kupita kiasi. Kwa mpangilio wake wa taratibu kabisa zinatuma biti zisizozidi 300 kwa sekunde, na zinasikia hadi karibu desibeli -137. Mwaka 2017 kidude cha miliwati 25 kilichobebwa na puto juu ya Ulaya kilisikika kilomita 702. Hapa kwetu, watu wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kule Nyeri wamezitumia kupima kina cha mto. Zinatumia mawimbi ya chini ya gigahezi moja, ambayo yanavumilia majani na kujipinda kwenye ukingo wa kilima kuliko haya ya 2.4. Nimeweka moja juu ya tanki la sasa kama kituo cha kupokezana, na nyingine nimempa binamu yangu atembee nayo nyuma ya kilima huku akiandika kwenye daftari ni wapi inakatika. Jana ameleta ukurasa wa kwanza. Ameandika "inashika" hadi kwenye zizi la ng'ombe, kisha "haishiki" mara tatu, kisha "inashika tena, sijui kwa nini".